Maji ya Masika Hayana Ukuta

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa mtaa wetu, huku bondeni Msimbazi, Dar es Salaam, wiki mbili kabla masika hayajaingia. Waliokuwa kazini siku ile wameniomba niyaandike ili nao wayapate. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wajumbe, mabalozi wetu wa nyumba kumi, sheikh wetu na mchungaji wetu, wazee wangu wote, shikamooni. Akina mama, akina baba, na vijana wa bodaboda mliosimama kule kwenye kivuli cha mwembe, hamjambo? Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Mwenyekiti ameniomba nizungumze kuhusu afya katika kipindi cha mvua. Wengi wenu mnanijua. Wengine niliwapima uzito kliniki mkiwa mmebebwa mgongoni, na leo mmekuja hapa na watoto wenu. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 32 kabla ya kustaafu, na katika miaka yote hiyo masika ndiyo yaliyokuwa yakinikosesha usingizi. Wodi ya watoto ya mwezi Februari na wodi hiyohiyo mwezi Mei hazifanani hata kidogo. Mwezi Mei watoto wanalazwa wawili wawili kitanda kimoja, na mama zao wamekaa sakafuni.

Leo sitaanza na mbu, wala sitaanza na kunawa mikono. Nitaanza na jambo ambalo kila mmoja hapa analijua na hakuna anayelitaja mbele za watu. Nitaanza na vyoo.

Mto wetu huu unatoka kwenye vilima vya Pugu. Unashuka Vingunguti, unapita Tabata na Kigogo, unatanuka Jangwani, halafu unaingia baharini pale Daraja la Selander. Kila kinachomwagwa njiani, sisi wa chini tunakipokea. Desemba 2011 mvua ilivunja rekodi ya zaidi ya miaka 50 hapa jijini, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha, na wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Wako waliorudi, ninawaona hapa, na sina neno la kuwalaumu, maana mtu hukaa palipo na riziki yake. Ila maji yaliyotufuata mwaka ule yamekuwa yakitufuata kila mwaka, mengi au machache, na kila yanapokuja hayaji peke yake.

Mvua ikinyesha usiku, saa nane, saa tisa, maji yakaanza kukimbia uchochoroni, kuna kazi inayofanyika gizani ambayo sisi wa bondeni tunaijua. Mtu anatoa tofali, au anachomoa bomba lililokuwa limezibwa kwa matambara, na shimo la choo lililojaa tangu mwaka jana linaanza kumwagika mtaroni. Tunaita kutapisha choo. Asubuhi mvua imekatika, shimo liko tupu, mwenye nyumba ameokoa hela ya gari la majitaka. Na watoto wetu wameshavua viatu, wanacheza kwenye yale maji.

Ninawaambia hili nikiwa na doa moyoni. Nilipoanza kazi nilipanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita, familia sita, choo kimoja. Usiku mmoja wa mwezi Aprili nikasikia koleo nje. Nikachungulia dirishani, nikamwona mwenye nyumba na kijana wake wanatapisha. Mimi nilikuwa muuguzi. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu kinachotoka kwenye shimo lile. Nikarudi kitandani, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa mpangaji na kodi yangu ilikuwa inaisha mwezi ule. Siku tatu baadaye mtoto wa nyumba ya chini yetu, wa miaka minne, aliletwa zahanati akiwa amelegea, macho yameingia ndani. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mama yake alinishika mkono akanishukuru kwa kumhudumia mwanawe, na ule mkono ninauhisi mpaka leo. Hajawahi kujua kwamba nilisikia koleo.

Kwa hiyo sikuja hapa kumnyooshea mtu kidole. Nimekuja kusema kwamba ukimya ule ndio unaotuua. Kila mwenye nyumba anayetapisha anadhani anaondoa uchafu kwake. Haondoi, anauhamisha. Nyumba ya juu inatapisha kwa nyumba ya kati, ya kati kwa ya chini, na ya chini kabisa kisima chake kimekaa hatua kumi kutoka mtaroni, na maji ya kisima kile ndiyo yanayouzwa kwa dumu kwenye nyumba ya juu. Maji hufuata mkondo, nayo hayana ukuta wala geti.

Sasa, ni nini hasa kilichomo humo? Vimo vingi, ila ninayemwogopa kuliko wote ni mdudu wa kipindupindu. Na sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Watu wengi wanaoambukizwa kipindupindu hawaumwi, au wanaharisha kidogo tu wakadhani ni chakula cha jana. Lakini wadudu wanatoka kwenye choo chao kwa siku kadhaa, hata siku kumi. Maana yake ni kwamba mtu anayesema "kwangu hakuna mgonjwa, choo changu hakina neno" anaweza kuwa anasema asichokijua. Mzima ndiye anayeubeba ugonjwa, na ukimfikia mtoto mdogo au mzee wa jirani unageuka kifo cha siku moja.

Agosti 2015 ugonjwa ulipolipuka Dar es Salaam, nilipelekwa kwenye kambi ya kipindupindu. Ukatoka hapa jijini ukaenda mikoa karibu yote, ukafika Zanzibar, na hadi ulipopungua miaka iliyofuata walikuwa wameugua watu zaidi ya elfu 30. Pale kambini tulikuwa na vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Ndoo zile zilikuwa zikionyesha jinsi mwili unavyomwaga maji. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Mhesabu wenyewe: mtu mzima ana lita ngapi za kupoteza?

Alfajiri moja baba mmoja alimleta mkewe kwa bajaji. Alianza kuharisha saa mbili usiku. Nikamuuliza yule baba, amekunywa nini tangu saa mbili? Akaniambia: "Nesi, sikumpa kitu, maana kila akinywa anatapika, nikaona nimpumzishe tumbo." Alikuwa anampenda mkewe, alimbeba mikononi kutoka kwenye bajaji kama mtoto. Upendo wake ulikosa neno moja tu la mtu wa kumwambia: mnyweshe. Mama yule tulimtundikia dripu mbili kwa pamoja, mkono huu na mkono huu, na hatukumwahi.

Ndugu zangu, tumbo la anayeharisha halipumzishwi. Linanyweshwa. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha mpe tena, kijiko kimoja kimoja, taratibu. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena zaidi. Anayekula aendelee kula.

Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India, na kipindupindu kikaingia makambini. Pale Bangaon daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Katika wagonjwa 100 walikuwa wanakufa karibu 30. Akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji safi, akayaweka kwenye mapipa, akawaambia ndugu wa wagonjwa wachukue vikombe wawanyweshe watu wao wenyewe. Vifo vikashuka, katika 100 hawakufika hata wanne. Walionywesha hawakuwa madaktari. Walikuwa mama, wajomba, majirani, wamekaa kwenye matope na kikombe mkononi. Leo tunayo pakiti ya ORS katika kila duka la dawa, na ni kitu kilekile.

Pakiti ikikosekana, shikeni kipimo hiki, na ninaomba akina mama mkirudie nyumbani mpaka watoto wakikariri: maji safi na salama lita moja, vijiko vidogo vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi hapo, chumvi nyingi inamdhuru mtoto. Onja: isiwe na chumvi kuliko machozi. Mchanganyiko ukilala mpaka kesho, mwaga, tengeneza mwingine. Mtoto chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, mkubwa zaidi mpe nusu hadi kikombe kizima. Na zahanati watawapa vidonge vya zinki. Vile havitolewi siku mbili vikaachwa kwa sababu mtoto ameanza kucheza. Mmalizie siku kumi.

Lakini mnywesheni mkiwa njiani, msikae nyumbani mkinywesha huku mnatazama. Choo kikiwa kama maji ya mchele, macho yakaingia ndani, mkojo ukakatika, ngozi ya tumbo ukiivuta inachelewa kurudi, hapo ni kubeba na kwenda, kikombe mkononi. Vijana wa bodaboda, hili ni lenu pia. Najua mnaogopa abiria wa namna hiyo. Wekeni nailoni kwenye kiti, mkifika oshani pikipiki kwa maji ya klorini, naweni kwa sabuni. Msimwache mtu barabarani usiku.

Nije kwenye maji ya kunywa. Ninajua sababu inayowafanya watu wasichemshe maji wakati wa masika, na si uvivu. Mkaa unapanda bei, na ule unaouzwa umelowa, unatoa moshi mpaka machozi yanakutoka. Mama mwenye kopo moja la mkaa atapika ugali kwanza, maji yatasubiri. Simlaumu. Kwa ajili hiyo dawa ya kutibu maji ndiyo mkombozi wetu wa masika, ile ya vidonge au ya maji. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, koroga, funika, subiri nusu saa ndipo unywe. Maji yakiwa na tope, dawa haifanyi kazi sawasawa, kwa hiyo yachuje kwanza. Chukua kanga kuukuu, ikunje mara tatu mpaka iwe na tabaka nane, funga kwenye mdomo wa ndoo. Mwaka 2003 watafiti walitoa matokeo yao kutoka vijiji vya Bangladesh, ambako wanawake walichuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa hivyo, na kipindupindu kikapungua karibu nusu. Wadudu wale hung'ang'ania kwenye vijidudu vikubwa zaidi vya majini, na nguo kuukuu ina nyuzi zilizofumuka zinazovinasa. Nguo mpya hainasi vizuri. Ila kanga haitoshi peke yake. Kanga kwanza, kisha dawa au moto.

Na msiamini kila kinachotoka bombani kwa sababu kimetoka bombani. Tazameni mabomba yetu ya plastiki yanavyopita mtaroni, yameungwaungwa na mpira wa tairi. Maji yakiwa yanatoka kwa nguvu, yanavuja kwenda nje. Yakikatika, bomba linavuta, na linavuta nini? Linavuta mtaro. Kwa hiyo maji yakirudi baada ya mgao, acheni ya kwanza yapite kwa muda kabla ya kukinga, na ya kunywa yatieni dawa hata kama yanaonekana meupe kama barafu.

Sasa mbu. Hapa ninaomba tutenganishe mbu wawili, maana tumezoea kuwasema kama mmoja.

Mbu wa malaria anauma usiku, na chandarua ndicho dawa yake. Ninapita uchochoroni ninaona vyandarua vyenye dawa vimezungushiwa mchicha, vingine vimefugiwa vifaranga. Nikiuliza naambiwa ni cha zamani kimechanika. Kishoneni. Chandarua kilichochanika kikashonwa kinamlinda mtoto, na kwenye mchicha hakimlindi mtu. Mama mjamzito usikae na chandarua kabatini ukingoja mtoto azaliwe, kilale juu yako leo, na zile dozi za SP za kliniki, za kukukinga na malaria, usiziruke. Homa ikija, nendeni mkapime. Msiende dukani kusema "nipe mseto" kwa kubahatisha. Nimeshaona mtoto aliyepewa mseto siku tatu na kumbe ana nimonia, na siku tatu zile ndizo zilizokuwa zake.

Mbu wa pili ana madoa meupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi na jioni jua likikaribia kuzama. Huyu hana haja na dimbwi la matope. Anapenda maji safi: tairi nyuma ya gereji, kifuu, kopo la rangi, jaba lisilofunikwa, sahani ya chini ya chungu cha maua. Analeta dengue na chikungunya. Wazee wetu wa pwani waliujua ugonjwa wa namna hii zamani. Zanzibar mwaka 1870 waliuita kidinga pepo, na daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akiishi huko, aliandika kwamba watu wazima walikumbuka uliwahi kuja mwaka 1823. Wako wataalamu wanaosema jina lenyewe la dengue huenda limetoka kwenye Kiswahili chetu hicho. Na sisi leo tunasema kidingapopo.

Chikungunya nayo ni neno la Kimakonde, maana yake kinachokunja, jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Iligunduliwa mwaka 1952 huko Newala, kwenye uwanda wa Makonde. Na kwa nini ilishika kule juu, mahali pakavu? Kwa sababu palikuwa pakavu. Maji yalikuwa mbali, chini ya mteremko, watu wakayahifadhi nyumbani kwenye mitungi, na mbu akapata malezi ndani ya nyumba. Nawaambia haya kwa sababu nasi tunafanya vilevile: maji ya mgao tunayaweka kwenye madiaba na mapipa wiki nzima bila mfuniko. Tena kumwaga maji tu hakutoshi. Mayai ya mbu huyu yamegandamana kwenye ukuta wa chombo, yanaweza kukaa makavu miezi, mvua ikigusa yanaanguliwa. Chombo kisuguliwe kwa brashi au mchanga kila wiki. Yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi na nne, kwa hiyo ukisugua kila Jumamosi unamkatiza njiani.

Dar es Salaam tumeiona dengue mwaka 2010, tukaiona 2014, na 2019 ikaja kwa nguvu zaidi. Ukipata homa kali, kichwa kinauma nyuma ya macho, viungo vinavunjika, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, usimeze diklofenaki, usimeze aspirini wala ibuprofeni. Zile zinaweza kuchochea damu kuvuja. Meza paracetamol, kunywa sana, rudi hospitali. Na homa ikishuka siku ya tatu au ya nne usishangilie mapema. Kama tumbo linauma sana, unatapika bila kukoma, fizi zinatoa damu, hapo ndipo hatari inapoanza, rudi upesi.

Yapo mengine nitayapitia haraka kwa sababu jua linapanda. Maji ya mafuriko yana mkojo wa panya ndani yake, na mwenye kidonda mguuni anaweza kupata homa ya mgunda, ile iliyotokea Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Vaeni mabuti mkizibua mitaro, na mwenye kidonda asiingie, kazi zipo nyingine. Maji yakikaribia soketi, zimeni umeme kwenye mita kabla hamjaokoa hata godoro. Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa ili kupasha joto. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na waliolala hawaamki.

Nimonia nisiipitie haraka. Mtoto akikohoa, mvue nguo ya juu akiwa ametulia, tazama kifua, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akifika 50 au zaidi, wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40 au zaidi, hiyo si kikohozi cha baridi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje hata kupambazuke. Kumpaka vitunguu na mafuta ya taa hakumfungui kifua, kunampotezea muda. Hapa mbele mama mmoja anatikisa kichwa. Mama, nami nilipakwa nikiwa mdogo, na bibi yangu alinipenda sana. Tunaweza kumheshimu bibi na bado tukakimbia zahanati.

Nirudi nilikoanzia, kwa majirani.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili nchi nzima walikuwa wakikaa kwa vikundi kuizunguka redio, wakisikiliza somo, wakijadiliana, halafu wanatoka na majembe. Walichimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Hakuna aliyengoja mwenzake aanze. Nilikuwa mtoto mdogo, ninamkumbuka baba yangu akitoka shimoni na udongo mpaka kwenye nyusi, na jirani akimpokea ndoo. Kesho yake baba naye alikuwa akipokea ndoo kwa jirani. Vyoo vile vilichimbwa kwa mikono ya wengi.

Sisi wa bondeni shida yetu ni nyingine kidogo: maji ya ardhini yako karibu, shimo halichimbiki kwenda chini, linajaa upesi, na gari ni ghali kwa mtu mmoja. Kijana mmoja ameniuliza kabla ya mkutano, "Bibi, na kwetu ambako gari haliingii?" Swali zuri. Wapo vijana jijini wenye pampu ya mkono na guta, wanaingia vichochoroni, wanavuta tope la choo kwenye mapipa na kulipeleka panapostahili. Nimemwomba Mwenyekiti awaite. Na hela tumeshazungumza na baadhi ya wajumbe: nyumba kumi za balozi mmoja zichange pamoja, wapangaji na wenye nyumba, tuvute vyoo vilivyojaa kabla ya mvua, tukianzia na nyumba za juu. Ndiyo, za juu, hata kama waliochanga ni wa chini. Wa chini wakilipia choo cha juu, wanalipia kisima chao wenyewe.

Kwa wenye nyumba mnaoishi mbali mkituma tu mtu wa kukusanya kodi: wajumbe watawapigia simu. Ninaomba mpokee.

Kisha misiba. Mvua ikiwa na kipindupindu ndani yake, msiba unaweza kuzaa misiba. Tusiache kuzikana, hasha. Ila bakuli moja la kunawia linalopita mikono 20 tuliache. Turudi kwenye desturi ya pwani, kijana anashika birika na beseni, anammiminia kila mtu maji yanayotiririka, na sabuni ipo. Nyumbani kila choo kiwe na kibuyu chirizi nje ya mlango: dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyagia, kipande cha sabuni. Watoto wa shule ya hapa wametengeneza vitatu wiki hii, viko pale ukutani, nendeni mkavitazame mkitoka.

Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, tunakutana kwenye kalvati la nyuma ya soko. Limeziba kwa chupa za plastiki na mifuko ya viroba, na lisipofunguliwa maji yote ya mtaa wa juu yatalala kwetu. Mwenye koleo aje na koleo, mwenye toroli aje nalo. Mabuti tumeazima jozi 12. Daftari la michango ya vyoo liko kwa katibu wa mtaa, na jina la kwanza ni la nyumba yangu, kwa sababu na mimi choo changu ni cha shimo, na kimejaa.

Na usiku wa mvua, mtoto akianza kuharisha, au ukisikia koleo kwa jirani ukashindwa kusema peke yako, njoo ugonge kwangu. Ni ile nyumba yenye mlango wa bluu baada ya mashine ya kusaga. ORS ninazo kwenye kopo juu ya kabati, na chupa ya maji safi ya lita moja iko pembeni yake. Gonga hata kama ni saa tisa. Nitaamka, na tutatoka pamoja.